Ngugi wa Thiong'o: kwanini Kikuyu na sio Kiswahili? Naomba kueleweshwa

fundi_nyaya

Shikamooni wakubwa, wakuu wengine kwema? Naombeni mnieleweshe taratibu maana mimi sio mtu wa fasihi, mimi ni wa nyaya na mita za umeme. Mzee Ngugi, yule mwandishi wa Kenya, alipofariki Mei 2025 kule Marekani akiwa na miaka 87 niliona watu wanamlilia kila kona, Wakenya, Waganda, hadi Wanigeria, nikajiuliza huyu mzee kwani alifanya nini hasa. Nikaanza kusomasoma. Nikakuta riwaya zake za kwanza kaandika kwa Kiingereza, kapata jina kubwa, zinasomwa mashuleni, halafu akiwa juu kabisa akasema sasa basi, riwaya zangu kuanzia leo ni Kikuyu.

Hapo ndo nilipoachwa. Kama tatizo ni lugha ya mkoloni si Kiswahili kilikuwepo? Kinaongewa Kenya, huku kwetu, Uganda, Kongo, angeandika Kiswahili mimi hapa ningekua nimemsoma tangu sekondari. Naona ni kama mtu kakasirika kukaa kwenye nyumba ya mgeni, badala ya kuja sebuleni na ndugu zake kaenda kujifungia chumbani.

Pili, ni kweli alifungwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza? Mchezo wa kuigiza tu jamani?

Tatu nataka kuanza kumsoma, nianze na kipi na kuna chochote kwa Kiswahili? Kiingereza changu ni cha kusomea maelekezo ya mashine.

mwalimu_chaki

Marahaba kijana. Nitaanza na swali la pili kwa sababu ukilielewa hilo la kwanza linajijibu nusu.

Uangalie huo mwaka 1977 vizuri. Mwezi wa saba ilitoka riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood. Ni kitabu kinene na kikali, vigogo watatu wa kampuni ya pombe wanauawa kwa moto, halafu polisi wakianza kuchunguza ndio inafunuka jinsi wakubwa walivyojigawia nchi baada ya uhuru na mkulima akabaki na jembe lake. Unajua nani alikizindua hicho kitabu pale Nairobi? Waziri wa fedha, Mwai Kibaki, huyo huyo aliyekuja kuwa rais baadaye. Watu wakapiga makofi wakaenda nyumbani. Hakuna aliyeguswa.

Mwezi wa kumi mwaka huo huo, kijijini Kamirithu pale Limuru, wakulima na vibarua wakaigiza mchezo wa Kikuyu unaitwa Ngaahika Ndeenda, alioandika yeye na Ngugi wa Mirii (majina yanafanana tu, si ndugu). Yaliyosemwa ni karibu yale yale ya kwenye riwaya. Kuna mtu anaitwa Kiguunda, kibarua, mali yake yote duniani ni ekari moja na nusu na hati ya shamba ameitundika ukutani kama wengine wanavyotundika picha ya harusi. Tajiri aliyemwajiri anamshawishi yeye na mkewe wafunge ndoa ya kanisani wawe watu wa maana, wanakopa benki kwa ajili ya harusi, hati ndio rehani, na mwisho wake unaujua hata bila mimi kukwambia. Watu walikuja kwa miguu, kwa matatu, wengine kutoka mbali, mvua ikinyesha wanasubiri ipite waendelee. Ukaigizwa kama wiki sita tu, Novemba 16 serikali ikafuta leseni, na usiku wa kuamkia Desemba 31 polisi wakaja nyumbani kwake. Akapelekwa Kamiti, gereza la ulinzi mkali, bila mashtaka, bila kesi, namba yake K6,77.

Sasa jiulize kijana wangu. Kitabu cha Kiingereza kinazinduliwa na waziri, mchezo wa Kikuyu unampeleka mtu jela, na ujumbe ni mmoja. Hilo ndilo lililomfungua macho. Huko ndani ndiko alikoamua riwaya inayofuata itakua Kikuyu.

Kitu kingine watu hawakijui, au wanakijua hawakisemi, ni kwamba Kamirithu si kijiji cha kawaida. Ni kimoja cha vile vijiji Waingereza walivyosukuma watu kwa nguvu wakati wa hali ya hatari, miaka ya Mau Mau. Ngugi mwenyewe mwaka 1955 alikua mwanafunzi wa shule ya sekondari Alliance, anarudi likizo ya kwanza na sanduku lake, anakuta boma lao halipo, limebomolewa, watu wote wamehamishiwa huko. Kaka yake mmoja alikua msituni na wapiganaji. Mwingine, kaka wa baba mmoja, alikua kiziwi, askari akamwambia simama hakusikia wakampiga risasi. Kwa hiyo mtu huyu siasa hakwenda kuitafuta kwenye vitabu.

Na ule uwanja wa michezo waliujenga wenyewe. Vijana wasio na kazi walichora ramani yake kwa njiti za kiberiti, wakapanga chini kwanza wakaona inakaaje, ndipo wakajenga, watu 2,000 wanakaa wazi juani. Mazoezi ni Jumamosi na Jumapili ili watu wasikose kazi wala kanisa, na yalifanyika hadharani, kwa hiyo bibi yeyote anayepita anaweza kusimama akasema hapana, mzee wa makamo yale haongei hivyo, au kiapo hakikuliwa hivyo mimi nilikuwepo. Na profesa wa chuo kikuu anachukua kalamu anasahihisha. Hiyo kwangu ndio picha ya Ngugi ninayoibeba, si zile za tuzo.

mkorofi_kiasi

Mwalimu umeongea poa lakini huyo mzee alikaa California miaka na miaka akifundisha kwa Kiingereza, analipwa kwa dola, watoto wake waandishi wanaandika Kiingereza. Ukitaka kutukomboa anza na nyumba yako bana. Pia hizo vitabu za Kikuyu, nyingine alikua anazitafsiri Kiingereza mwenyewe, sasa si ni mzunguko tu huo

pwani_moja

Mimi nataka kumuunga mkono fundi kidogo kabla hamjamla. Mwalimu umesema vyema lakini hayo yote ni ya Limuru. Mimi ni Mgiriama. Kuli wa bandarini Mombasa mwaka 1977 naye alikua ananyonywa vile vile, naye alikua na hasira zake, mchezo huo angeusikia kwa sikio gani? Mjaluo wa Kisumu je? Sisi wengine Ngugi wa Kikuyu tumemsoma kwa Kiingereza, yaani lugha ile ile aliyoikimbia, na hakuna anayelisema hili kwa sauti.

Ila niseme na upande wa pili maana sipendi kuwa mnafiki. Shule niliyosoma, sitaitaja, tulikua na kile kibao. Kipande cha mbao na kamba. Ukishikwa unasema lugha ya mama asubuhi unavalishwa shingoni, na njia ya kukivua ni moja, umsikilize mwenzako akosee umpe yeye. Jioni kinapoishia ndio anaitwa, na yeye anataja aliyempa, na yule anataja aliyempa yeye, mnatoka mstari mzima mnachapwa. Kwa hiyo mchana kutwa mnaviziana. Rafiki yangu niliyekua nikila naye sahani moja nilimkanyaga kidole makusudi ili apige ukelele kwa Kigiriama. Akapiga. Nikamvika. Mpaka leo tukikutana tunacheka lakini mimi nacheka nusu.

Miaka baadaye nasoma kile kitabu cha Ngugi cha insha, Decolonising the Mind cha 1986, nafika pale anapoeleza hicho kitu shuleni kwao, ile kupokezana, viboko, wengine wanatundikwa maandishi ya kuwaita wajinga au punda, nikakifunga nikatoka nje nikazunguka nyumba. Sikujua kama kulikua na mtu mwingine. Kwahiyo simkatai. Namuuliza tu, kwani lazima iwe Kikuyu?

msomaji_wa_matatu

@pwani_moja hiyo ya kukanyaga kidole imeniuma aisee.

Sasa nijaribu. Wengi wanadhani Ngugi alikipuuza Kiswahili, sio kweli kabisa. Kwenye hicho hicho kitabu ulichokifunga anasimulia mkutano wa waandishi pale Makerere, Juni 1962. Mkutano wa waandishi wa Afrika, lakini kigezo cha kuingia ni uwe unaandika Kiingereza. Yeye alikua mwanafunzi tu, kachapisha hadithi fupi mbili, kaalikwa. Ndo hapo alimkamata Achebe, yule mwandishi wa Nigeria, akampa mswada wake ausome, ukaja kuwa Weep Not, Child ya 1964, riwaya ya kwanza ya Kiingereza kuchapishwa ya mtu wa Afrika Mashariki. Wakati huo huo Shaaban Robert, mashairi, riwaya, insha, rafu nzima ya vitabu, hana sifa ya kualikwa kwa sababu kaandika Kiswahili. Na Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo. Ngugi anaisema hiyo kama aibu, mtoto mwenye hadithi mbili yuko ukumbini, mzee wetu hayuko hata kwenye orodha. Mimi nilivyosoma hapo ndo nikajua huyu mtu sio wa kabila lake tu.

Halafu kuna insha yake nyingine iko kwenye Moving the Centre, anasema kama dunia inatafuta lugha moja ya kuwasiliana wote basi yeye kura yake anaipa Kiswahili, kwa sababu hakijajijenga kwa kukanyaga lugha za wengine. Na hakusema Kikuyu, kasema Kiswahili.

Kwahiyo jibu langu kwa fundi, mfano wako wa sebule na chumba ni mzuri ila umekosea mlango. Yeye aliona sebule haina maana kama vyumba vimefungwa. Unaanza na lugha ya mtu aliye mbele yako, hao wa Kamirithu, halafu tafsiri ndo inakua korido, Kikuyu kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kijaluo, bila kupitia London. Kama unaikubali au huikubali hiyo ni shauri lako lakini ndo hoja yenyewe.

Na ilifanya kazi, angalau kwa hiyo riwaya moja. Caitaani Mutharaba-ini, ile aliyoandika jela, ilipotoka 1980 wachapishaji walidhani watakaa na mzigo miaka, ukaisha, ikabidi wachape tena mwaka huo huo. Watu waliokua hawasomi riwaya waliisoma. Familia inakaa jioni anayejua kusoma anawasomea wengine. Viwandani saa ya chakula. Na baa, hii naipenda sana, kulizuka wasomaji wa baa, jamaa anasoma kwa sauti meza nzima kimya, akifika pale pa utamu glasi yake imeisha anakiweka kitabu chini, anawaangalia tu. Wanaelewa. Bia inakuja, hadithi inaendelea.

fundi_nyaya

😂😂 huyo wa baa ni fundi kuliko mimi

Wakuu asanteni sana aisee, mmenifungua. Lakini sijaelewa, aliandikaje riwaya nzima jela? Walimpa karatasi?

mwalimu_chaki

Hawakumpa. Aliiandika kwenye karatasi ya chooni. Na usidhani ni hizi laini mnazotumia siku hizi, za Kamiti zilikua ngumu, mwenyewe amewahi kufanya mzaha kwamba ziliwekwa ngumu ili zimtese mfungwa, lakini kilichokua kibaya kwa mwili kikawa kizuri kwa kalamu, wino haupenyi. Anaandika, anakunja, anaficha. Siku moja wakafanya upekuzi wa ghafla wakazikuta wakazichukua zote, miezi ya kazi. Baada ya wiki kama tatu mkubwa mpya wa gereza akamrudishia. Akamwambia sijaona ubaya wowote humu ila Kikuyu chako ni kigumu mno.

Mimi huwa nawaza huyo mkubwa wa gereza. Ndiye msomaji wa kwanza wa riwaya ya kisasa ya Kikuyu na malalamiko yake ni kwamba lugha ni ngumu.

Na jambo hili nalo ni la kuliweka akilini, Kamiti ndiko Waingereza walikomnyonga Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, Februari 1957 wakamzika bila alama. Mwaka mmoja kabla ya kukamatwa Ngugi alikua ameandika tamthilia ya Kimathi pamoja na Micere Githae Mugo. Sasa yuko ndani ya ukuta ule ule. Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Moi akashika nchi, wafungwa wa kisiasa wakaachiliwa Desemba 12 mwaka huo. Lakini kazi yake ya chuo kikuu hakurudishiwa, na hao hao wa chuo kikuu ndio mwaka 1968 yeye na wenzake Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba waliwaandikia kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwe katikati na ya Uingereza ikae pembeni kama wageni wengine. Yaani hakua mtu wa kumnyamazia mwajiri.

@mkorofi_kiasi ngoja nikujibu nawe. Hakuenda ughaibuni kutafuta dola. 1982 walitayarisha mchezo mwingine, Maitu Njugira, na huo @pwani_moja ungeupenda kwa sababu ulikua na nyimbo za lugha kadhaa za Kenya si Kikuyu peke yake. Wakafungiwa milango ya ukumbi wa taifa. Wakahamia chuo kikuu wakaendelea na mazoezi tu, watu wakawa wanajaza ukumbi kutazama mazoezi, hayo nayo yakapigwa marufuku. Mwezi Machi polisi wakapelekwa Kamirithu kubomoa uwanja wa wananchi. Huo wa njiti za kiberiti. Juni akaenda London kuzindua tafsiri ya riwaya yake, akiwa huko akapata habari kwamba akirudi anasubiriwa uwanja wa ndege. Agosti ikatokea jaribio la mapinduzi na watu wakaanza kukamatwa hovyo. Akakaa huko miaka 22.

mkorofi_kiasi

Sawa mwalimu hiyo ya 82 nimekubali, sikua najua ya uwanja kubomolewa. Lakini moja bado liko. Mwaka 2024 mwanawe Mukoma aliandika hadharani kwamba mzee alimnyanyasa mama yao. Tunaongea hapa ukombozi ukombozi, hiyo tunaiweka wapi?

msomaji_wa_matatu

Tunaiweka mezani tu mkuu, sioni sababu ya kuificha. Mtoto kasema, sisi hatukuwepo nyumbani kwao, lakini pia sitamwambia mtoto anyamaze eti kwa sababu baba yake ni nembo. Mimi kilichonitatiza zaidi ni kwamba vitabu vyake vina wanawake wenye nguvu kuliko wanaume, Wariinga, Wanja, ndo maana iliniuma. Nimeendelea kuvisoma ila kuna kurasa sizipiti tena kwa raha ile ya mwanzo.

Hilo la watoto kuandika Kiingereza ndo umekosea nusu. Kweli wanaandika Kiingereza. Ila huyo huyo Mukoma ni mmoja wa walioanzisha ile tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili mwaka 2014. Tuzo ya Kiswahili, imeanzishwa na mtoto wa mzee wa Kikuyu aliyesomea Kiingereza. Sasa hiyo familia uiweke kabati gani mimi sijui.

pwani_moja

Haha hapo umenishika. Basi tuseme mtoto kajibu swali langu.

Hebu mwalimu mueleze fundi ile ya Matigari, ndiyo hadithi kuhusu Ngugi ninayoipenda kuliko hadithi alizoandika mwenyewe.

mwalimu_chaki

Hiyo hata mimi naipenda. Mwaka 1986 alitoa riwaya nyingine ya Kikuyu, Matigari, jina lake maana yake ni kama mabaki ya risasi. Mzee mmoja anatoka msituni, anazika silaha zake chini ya mti, anajifunga mkanda wa amani, anazunguka nchi nzima anauliza watu swali moja, ukweli na haki vinapatikana wapi. Basi. Wakulima wakaanza kuizungumza hadithi, huko sokoni, kwenye matatu, Matigari kasema hivi, Matigari kauliza vile. Ripoti za wapelelezi zikafika juu kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka vijijini anauliza maswali ya uchochezi. Amri ikatoka akamatwe. Askari wakatafuta. Baadaye ndipo wakagundua ni mtu wa kwenye kitabu, na kwa kuwa huwezi kumfunga pingu mtu wa kwenye kitabu, Februari 1987 wakaenda madukani wakakikamata kitabu chenyewe. Ngugi mwenyewe ndiye aliyeisimulia kwenye tafsiri ya Kiingereza. Mimi wakati huo nilikua nafundisha, tulikua tunakitaja kwa kunong'ona kama jina la ugonjwa.

Aliporudi Agosti 2004 na mkewe Njeeri watu walijaa uwanja wa ndege kumpokea, Moi keshatoka. Siku chache tu watu wenye silaha wakawavamia usiku kwenye nyumba walikofikia Nairobi, wakampiga, mkewe wakamdhulumu vibaya zaidi, na mama yule akasimama akalisema hadharani wakati wengi wangelinyamazia. Hata hivyo hakuacha kuandika. Mwaka huo huo ndipo ilianza kutoka Murogi wa Kagogo, riwaya ndefu kuliko zote alizoandika, kuhusu dikteta anayetaka kujengewa jumba la kufika mbinguni kwa mkopo wa benki ya dunia nzima na mwili wake unaanza kuvimba kama puto. Hiyo fundi usianze nayo, utaichukia bure.

Kwa Kiswahili tafuta Shetani Msalabani, hiyo ndiyo Caitaani, ile ya karatasi za Kamiti. Kuna pia Nitaolewa Nikipenda, mchezo wenyewe wa Kamirithu, na Mzalendo Kimathi. Vya zamani hivyo, madukani ni vigumu, tafuta maktaba au kwa wauza vitabu vilivyotumika.

fundi_nyaya

Wakuu nimerudi, samahani nimepotea wiki mbili.

Nimekipata! Shetani Msalabani, kwa mzee mmoja anauza vitabu vilivyotumika, jalada limechanika na mtu kaandika hesabu za madeni ukurasa wa nyuma lakini kurasa zote zipo. Nilidhani ni kitabu kizito cha kuhubiri siasa kumbe jamaa ni mchekeshaji. Yule dada Wariinga kafukuzwa kazi kwa kumkatalia bosi, kafukuzwa na chumba, anapanda matatu moja bovu la kizamani, humo ndani kila abiria ana lake, mpaka wanafika huko Ilmorog kwenye mashindano ya wezi. Wezi wenye suti! Kila mmoja anapanda jukwaani anajieleza ana wake wangapi, vimada wangapi, magari mangapi, na kaibaje. Mmoja anawaza siku moja auze udongo kwenye vikopo na hewa kwenye makopo.

Ila aliyenimaliza ni yule wa shule ya chekechea. Kafungua shule ya watoto wa Kiafrika, hakuna aliyekuja. Akabadilisha jina likawa la Kizungu, akatafuta bibi mmoja wa Kizungu mzee akamfanya mwalimu mkuu, halafu akanunua zile sanamu za dukani za kuvalishia nguo, za watoto wa Kizungu, akazivika yunifomu akaziweka uwanjani ili wazazi wakipita kwa mbali waone shule imejaa Wazungu. Ada akapandisha na wazazi wakaja mbio wanagombania nafasi. Hii kaandika jela mwaka 1978! Nimeijua hiyo shule jamani, sio moja.

Nimeanza kuwasomea mafundi wenzangu saa ya chakula, kuna mmoja hajui kusoma vizuri ndo mwenye fujo kuliko wote, kila siku anasema rudia pale pa watoto wa plastiki. Jana nimewaachia pale mwizi mwingine anapanda jukwaani, wamenifuata hadi kwenye ngazi.

mwalimu_chaki

Na soda nani alinunua?

fundi_nyaya

Mwalimu wewe, nilikiweka kitabu chini nikawaangalia tu 😂